Rangi nyekundu ukutani: tulivyokaribia kuharibu kila kitu mwambao wa Kigoma

Lile kopo la rangi lilikuwa wazo langu. Nalisema mapema kabisa ili mtu asije akadhani namsukumia mwenzangu.

Ilikuwa Juni 2021, mi ndo mratibu wa timu ya watu sita, tumetumwa na chuo kwenda kijiji kimoja cha mwambao kusini mwa Ujiji, kule unakovuka Malagarasi kwa pantoni pale Ilagala halafu unaendelea na vumbi mpaka kiuno kinakuambia tumefika. Kwenye karatasi kazi yetu ilikuwa kusapoti wananchi washiriki kuamua wafanye nini na ziwa, maana Tanganyika lilianza kupanda 2020, mwaka uliofuata likazidi, na mtu wa Kigoma hakuhitaji mtafiti amwambie. Mialo, yaani pale vyombo vya uvuvi vinaposhushia mzigo, ilimezwa, maji yakaingia mpaka bandarini mjini. Pale kijijini nyumba za mstari wa mbele zilishabaki nguzo tu zimesimama majini, kunguru wanazifanyia kikao.

Sasa dodoso letu lilihitaji kila kaya iwe na namba, na hiyo namba ilingane na pointi ya GPS kwenye tableti. Siku ya kwanza tukachanganya, nyumba moja ikahojiwa mara mbili. Mi nikajiona mjanja, nikasema tuandike namba ukutani basi yaishe. Duka la kijiji lilikuwa na kopo moja tu la rangi, nyekundu. Tukapiga namba siku mbili mfululizo, nyumba mia na arobaini na kitu, na hakuna mtu hata mmoja aliyetuuliza. Watu wanakaa kibarazani wanatuangalia tu. Nikaandika kwenye daftari langu, bado ninalo, "wananchi wametoa ushirikiano mzuri".

Mtanzania gani asiyejua alama nyekundu ukutani maana yake nini? Mi nimekulia Mwanga pale Kigoma mjini, nimeona ile X ya bomoabomoa, nimeona watu wanavyolia nayo. Sijui akili yangu ilikuwa imeenda wapi. Nadhani ukishavaa kitambulisho shingoni na kubeba tableti unaanza kujiona hukai nchi moja na hao unaowahoji.

Siku ya tatu usiku mwenyekiti wa kijiji akaja tulipofikia, hakukaa, akasema akiwa amesimama mlangoni, "Dada, mmeandika nyumba za watu. Huko chini wanasema ni mita sitini." Nikamuuliza mita sitini za nini, akaniangalia kama mtoto. Kumbe wao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 wanaijua kuliko mimi niliyeisoma darasani, kwamba shughuli za kudumu haziruhusiwi ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa. Na walishaenda mbele zaidi wakajiuliza swali ambalo sisi hatukuwahi kujiuliza hata siku moja: ziwa likipanda, hizo mita sitini zinahesabiwa kutoka wapi? Kutoka ukingo wa zamani au huu wa leo? Maana ukihesabu kutoka huu wa leo, nusu ya kijiji imo. Yaani mtu nyumba yake haijaguswa na tone la maji, lakini sheria imeshamfikia mlangoni.

Asubuhi nikazunguka mwenyewe. Mama mmoja alikuwa anakandika nyumba yake, udongo wa kukandikia umekauka pale nje umepasukapasuka, kaacha, anasema nikandike nyumba ya kubomolewa? Na baba mmoja, mwenye kipe, chombo cha kuvulia, alikuwa ameshauza mabati yake kumi na nane kwa mtu wa kijiji cha pili kwa bei ya kutupa, akiwaza bora hela mkononi kuliko kusubiri greda. Kaezua upande mmoja wa nyumba. Nikamkuta amekaa chini ya ule upande usio na bati anashona nyavu. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Nikaanza kumweleza kwamba namba ni za utafiti, hazina maana yoyote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, kama hazina maana ungeziandika kwenye daftari lako."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tukasimamisha dodoso, tukanunua chokaa na brashi, tukapita nyumba kwa nyumba kufuta na kuomba radhi. Siku tano. Nilipoomba hela ya zile siku tano jibu la chuo lilikuwa kwamba hakuna kifungu cha kufuta rangi kwenye bajeti, ambayo kiukweli ni sawa, nani angekiweka. Ikatoka mfukoni kwangu, laki tatu na ushee. Mabati ya yule baba sikuweza kumlipa, na wala asingepokea. Ila hizo siku tano ndo zilikuwa utafiti wenyewe, maana ukiwa na brashi mkononi unafuta ujinga wako mwenyewe mtu anaongea na wewe tofauti. Nilisikia mambo ya ziwa ambayo dodoso la kurasa kumi na moja lisingeyatoa. Baada ya hapo tukatumia kadi, kila kaya inakaa na kadi yake ya namba ndani, tukija wanatuonyesha wakitaka. Rahisi hivyo. Kama unaenda kazi ya aina hii nakuomba usiache alama yoyote kwenye mali ya mtu, hata ya chaki.

Kuhusu barua ya kibali cha utafiti, niseme kidogo maana wengi huwa wanauliza. Yetu ilitoka chuo ikaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ikaenda kata, ikafika kwa mtendaji wa kijiji. Wiki tatu na siku kadhaa. Usiruke hata ngazi moja, na beba nakala nyingi. Lakini barua inafungua ofisi, haifungui mdomo wa mtu.

Kosa la pili lilikuwa la mwezi, na hili linaniuma kwa sababu mama yangu ni mtoto wa mwalo. Mkutano wa kwanza tuliitisha Jumatano saa nne asubuhi, tukaona muda mzuri, watu wamepumzika. Wakaja wazee, wanafunzi waliotoroka shule, na wamama wachache waliokaa nyuma kabisa. Wavuvi hakuna. Tukaandika "mwitikio wa wavuvi ni mdogo". Hee! Kumbe zilikuwa siku za giza, zile ambazo usiku mwezi hauonekani. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri, na taa inafanya kazi kukiwa na giza, kwa hiyo siku za giza watu wanakesha majini, asubuhi wanashusha mzigo, saa nne ndo kwanza mtu anatafuta usingizi. Ikifika mbalamwezi vyombo vinapumzika, nyavu zinashonwa, harusi zinafungwa, madeni yanadaiwa. Ukitaka kumpata mvuvi wa dagaa akiwa na akili imetulia angalia mwezi, usiangalie ratiba ya chuo. Tuliporudia mkutano wakati wa mbalamwezi watu walijaa mpaka wengine wakapanda kwenye mtumbwi uliopinduliwa.

Wamama wa dagaa nao ni habari nyingine. Hao hawana mbalamwezi, wana jua. Ukiwaita mkutanoni saa sita mchana unawaambia waache dagaa kwenye vichanja bila mtu, kunguru na mbuzi wafaidi, na wingu likitokea ghafla ndo mtaji wote umelowa. Tukawafuata sisi. Nikakaa nao siku nzima nageuza dagaa na mikono imenuka wiki nzima, na hapo ndo nikasikia kitu ambacho kwenye mkutano hakuna mwanaume aliyekitaja: ziwa lilipopanda lilikula kwanza uwanja wa kuanikia, kabla ya nyumba yoyote. Wakasogeza vichanja juu, huko juu ndo kwenye vyoo. Na vyoo vyenyewe, vile vya shimo, maji ya ardhini yamepanda vimejaa, na visima viwili vya karibu na ziwa ndo wanavyochotea. Mama mmoja akasema huku anageuza dagaa wala haniangalii, "Nyinyi mnatuuliza nyumba, sisi tunakunywa vyoo." Mwambao wa Kigoma kipindupindu hakihitaji kuhubiriwa, 2015 kule Kagunga kila mtu anakumbuka. Sisi dodoso letu lilikuwa na maswali ishirini na mbili ya nyumba na moja la choo.

Halafu ramani. Tulikuwa tumetengeneza ramani kubwa, nzuri kwa kweli, ya rangi, sehemu ya hatari nyekundu (tena nyekundu!), ya kati njano, salama kijani. Tukaibandika ukutani ofisi ya kijiji tukiwa na furaha. Bibi mmoja akaisogelea, akauliza hiyo nyekundu ni damu ya nani. Watu wakacheka lakini si kicheko cha kufurahi. Ramani ilikuwa imeshaamua, hakuna cha kushirikishwa pale, umebaki kutafuta tu nyumba yako ipo rangi gani. Tukaibandua. Mwanafunzi mwenzetu mmoja, anayesomea mambo ya maji, ndo aliyetuokoa. Aliomba beseni kwa wamama, akalitoboa tundu dogo karibu na ukingo, akaanza kumimina maji. Akasema hili ndo ziwa letu, mito inaingia mingi, Malagarasi, Luiche, Rusizi, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga kule Kongo, na ni mdogo, maji mengi yanaondoka kwa kukauka na jua. Mvua zikizidi mwaka mmoja miwili, beseni linajaa haraka, ila kutoka ni polepole. Watoto wakawa wanahesabu jinsi tundu linavyodondosha.

Hapo mzee mmoja akasimama. Alikuwa kijana wa miaka kumi na nne 1964, ile miaka ambayo ziwa lilipanda baada ya mvua zilizoanza mwaka wa uhuru. Akatuchukua watu wote, mkutano mzima ukanyanyuka, akatupeleka kwenye mwembe akaonyesha jiwe. Maji yalifika hapa, anasema, baba yake alifunga mtumbwi kwenye huu mwembe. Na yalikaa. "Yalirudi, lakini mimi nilikuwa nimeshaoa." Watu wakaanza kubishana kwa Kiha na Kibembe, mi nadaka nusu nusu, ila nilielewa kwamba hoja imebadilika. Kabla ya hapo kulikuwa na kambi mbili, wanaosema ziwa litarudi tu tusihangaike, na wanaosema tumekwisha. Beseni na jiwe vikaleta ya tatu: litarudi, ila si mwaka huu wala kesho kutwa, sasa hapa katikati tunaishije? Mi mwenyewe nikawakumbusha Ujiji, kwamba pale kwenye mnara wa Livingstone na Stanley, 1871 maji yalikuwa jirani kabisa na leo unatembea kuyafuata, kwa sababu miaka michache baada ya hapo Lukuga ilizibuka ziwa likashuka sana. Kijana mmoja akasema kwa hiyo hili ziwa ni la kuja na kuondoka kama mgeni. Mzee akamjibu mgeni ni wewe.

Ofisi ya bonde la maji na serikali wana vipimo vyao vya ziwa, lakini kijiji kilitaka chake. Tukapigilia mti mmoja mrefu wa msonobari karibu na mwalo, tukauchora mistari kila sentimita tano, safari hii kwa rangi nyeusi na baada ya kuuliza. Vijana wawili wakapewa kazi ya kusoma kila wiki. Hawa tuliwalipa. Hapa kwenye posho mi na wenzangu hatukuwahi kukubaliana. Mkutano wa kwanza tulitoa elfu tano kila mtu, wa pili hatukutoa, kelele zake usiombe, wakadhani mtendaji amekula hizo hela, na mtu wa watu alitukanwa bure. Msimamo wangu ni kwamba anayekufanyia kazi, kupima, kukuongoza, kukutafsiria, mlipe tena vizuri, lakini mkutano mkuu wa kijiji ni mkutano wao kisheria, wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, ukianza kulipia watu kukaa kwenye mkutano wao unawaharibia, ukiondoka haukai tena. Kuna anayesema mvuvi naye muda wake ni hela. Kweli. Ndo maana nasema nenda kwenye mbalamwezi.

Na hilo la mkutano mkuu tulijifunza kwa kuchelewa. Tulianza na vikundi vyetu, kamati zetu, tukaviita majukwaa, wakakaa siku mbili wakatoa mapendekezo mazuri sana ambayo hayakuwa na mguu wa kusimamia. Mtendaji ndo akaniita pembeni akaniambia kwa upole, dada, hivi vikundi vyako muhtasari wake unaenda wapi? Maana cha kijiji kinapita halmashauri ya kijiji, kinaenda mkutano mkuu, kinapitishwa, muhtasari unasainiwa, unagongwa muhuri, unapelekwa kata, ndo kinakuwa kitu. Kama ni sheria ndogo mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe. Bila muhuri umepiga stori. Basi tukavunja vikundi, tukarudi kwenye njia yao.

Kosa lingine, na hili watu walinisema mpaka nikaenda kulia kwa siri nyuma ya choo cha wageni: tuliwaacha saa mbili nzima wajadili kujenga ukuta wa mawe na gati mpya mwaloni, wakagawana mpaka majukumu, wakati mi najua kabisa uamuzi huo hauko mikononi mwa kijiji wala hela yake haipo. Sikutaka kuwakata. Nikajiambia waache wajieleze. Mwisho mzee mmoja akauliza, "Hili tunaamua au tunaota?" Tangu siku ile kila kikao nilianza kwa kuandika kwenye bango: haya mnaweza kuamua leo, haya mnaweza kuomba na anayeamua ni fulani, haya hatujui. Watu hawakuvunjika moyo kama nilivyoogopa. Wakawa wanaenda moja kwa moja kwenye la kwanza.

Walichoamua wenyewe ni hiki. Visima viwili vya chini vifungwe, vyoo vipya vichimbwe upande wa juu wa barabara na kila kaya ya chini ipewe mwezi mmoja. Vichanja vya dagaa vipate uwanja wake uliopimwa ambao hakuna mtu anajenga. Na kitengwe kipande juu kilimani kwa atakayetaka kuhama, kwa hiari. Hicho kipande kilileta ugomvi mkubwa kwa sababu kilikuwa na michikichi ya ukoo mmoja, na ilichukua vikao vitatu na mbuzi mmoja. Kuhamisha nyumba kwa lazima kulipigiwa kura kukakataliwa, mikono ilinyooka mpaka ya watoto.

Bosi wetu hakufurahi. Lengo la mradi lilikuwa "mpango wa kuhama", sasa sisi tunarudi na vyoo na vichanja. Akaniambia nimewaacha wananchi wakaamua kidogo mno. Nilibishana naye mpaka sauti ikapanda na nadhani hilo ndo lililonifanya nisipewe awamu ya pili. Sijutii. Ila nakubali upande wake mmoja: wapo waliobaki chini ambao roho yangu haikutulia juu yao, na kura ya wengi haimzuii maji kumfuata aliye peke yake. Kuna bibi alikuwa anaishi na wajukuu wanne hatua kama thelathini toka majini, alinyoosha mkono kukataa kuhama na mi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikanyamaza. Nilitakiwa kunyamaza? Nimejiuliza sana. Siku hizi nikiwa kwenye kikao kama kile nasema wazi, kwa jina langu, mimi naogopa hili kwa sababu hii, uamuzi ni wenu. Kuficha unachokijua kwa kisingizio cha kutoingilia nako ni kuingilia.

2024 ziwa likapanda tena, zaidi. Mwaka huohuo serikali ikafunga uvuvi ziwani miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti. Mi nikaenda Julai kwa nauli yangu, sina mradi wala kitambulisho shingoni, nikiwa na nakala thelathini za ripoti yetu niliyoifupisha kwa Kiswahili kurasa nne, kitu ambacho tuliahidi 2021 na hakuna aliyekifanya. Mtendaji mwingine, mwenyekiti mwingine. Mwalo kimya, vipe vimepandishwa nchi kavu vimepangana. Vichanja vilikuwa palepale pa uwanja vikiwa vitupu, maji yamesimama mbali navyo. Yule bibi wa wajukuu alikuwa ameshahama tangu Aprili, amepewa kipande pale kilimani, amenionyesha choo chake kabla ya nyumba.

Ule mti wa mistari ulikuwa majini wenyewe, mistari yote imezama. Vijana walishapigilia mwingine nyuma yake, mwanzi, wakaendeleza namba pale ulipoishia wa kwanza. Daftari lao lina kurasa zimeliwa na mende lakini mapengo ni machache.

Nikapita kwa yule baba wa mabati. Alishaezeka upya, bati jipya linang'aa upande mmoja na kutu upande mwingine. Chokaa yetu imebabuka, na namba inaonekana kwa chini, N-57, pinki iliyofifia. Nikamwambia niletee brashi nipige tena. Akasema iache, wajukuu ndo wanajifunzia namba.